Barua kwa swahiba kuhusu mashine ya kusagia kahawa

Moshi,
Jumapili jioni.

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi wa saba imekaza na mlima haujaonekana kwa siku nne. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba ile kilo ya kahawa niliyokutumia kwa basi ilifika salama, na kwamba lile birika la kubonyeza ulilonunua (French press, ambalo chujio lake husukumwa chini kwa mkono) sasa limepata kazi. Umeniuliza iwapo kwa shilingi laki mbili ulizotenga ununue mashine gani ya kusagia, na kama ile ya umeme uliyoiona dukani kwa elfu hamsini haitoshi, ili fedha itakayobaki uinunulie kahawa. Naomba uniruhusu nikujibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo mimi mwenyewe nililijibu vibaya mara ya kwanza na likanigharimu.

Ile ya elfu hamsini usiinunue. Kwa jinsi ulivyoieleza, ni mashine ya visu: ndani yake kuna kisu kimoja chenye ncha mbili kinachozunguka kama cha brenda, na kazi yake ni kukatakata, wala si kusaga. Punje iliyokutana na kisu mara kumi hugeuka vumbi, na iliyorushwa pembeni hutoka ikiwa nusu nzima. Ubaya wake hauonekani mpaka umimine maji. Maji ya moto huchota ladha upesi sana kutoka kwenye vumbi, na polepole kutoka kwenye chenga kubwa; kwa hiyo katika zile dakika nne ambazo kahawa inakaa kwenye birika, vumbi huwa limeshatoa uchungu wake wote na kupenya chujio hadi kikombeni, ilhali chenga zimetoa uchachu wa juu juu tu. Unakunywa kahawa chungu na chachu kwa pamoja, na huna pa kuirekebishia, maana ukipunguza muda uchachu unazidi, na ukiuongeza uchungu unazidi. Ndiyo maana watu wengi huilaumu kahawa, au maji, au birika, na kumbe kosa liko kwenye usagaji.

Unachokitaka ni mashine ya meno. Wewe unazikumbuka mashine za kusaga unga za zamani zilizokuwa na mawe mawili, ambapo mahindi hayakuweza kutoka mpaka yawe madogo kuliko upenyo uliokuwa kati ya mawe. Hii inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: jino lenye umbo la pia huzunguka ndani ya pete yenye meno, punje hushuka katikati, na hakuna inayopita kabla haijalingana na upenyo ulioupanga mwenyewe. Unga unaotoka haulingani wote kabisa, kwa kuwa hakuna mashine isiyotoa vumbi kidogo, lakini unakaribiana kiasi kwamba chembe zake hutoa ladha kwa muda unaokaribiana.

Sasa kuna za meno za umeme na kuna za mkono. Za umeme zilizo nzuri zipo. Ile ya Baratza Encore, kwa mfano, ina hatua 40 za kupanga ukubwa wa unga na hudumu miaka, lakini huko Marekani bei yake imekuwa ikizungukia Dola 150, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Zile za umeme za bei ya chini zinazodai kuwa na meno mara nyingi huwa na vibamba viwili vinavyopondaponda punje badala ya kuzikata, na mimi siwezi kukushauri uzinunue. Kwenye mashine ya mkono, hakuna fedha inayokwenda kwenye mota. Yote inakwenda kwenye meno na mhimili, na hapo ndipo penye kahawa. Zaidi ya hayo, umeme ukikatika alfajiri, wewe maji yako utayachemsha kwa gesi na kahawa yako utaisaga kwa mkono.

Lakini usidhani kila ya mkono inafaa, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoanguka. Nilinunua katika duka moja mjini Arusha mashine ndogo ya meno ya seramiki, ya bei rahisi, ambayo muuzaji aliniapia kwamba inafaa kwa kila aina ya kahawa. Nilikuwa naibana kati ya magoti na kuzungusha mpini kwa dakika tatu nzima. Siku moja, baada ya kikombe kibaya cha tatu mfululizo, nilimwaga unga wake juu ya karatasi nyeupe nikautandaza kwa kidole: kulikuwa na vumbi laini kama poda, na katikati yake vipande vikubwa kama mchele uliovunjika. Nilipoifungua niliona mhimili umeshikwa upande wa juu tu, na jino la chini likining'inia na kuyumba. Ukisaga laini, meno yanakaa karibu na kuyumba huko hakudhuru sana. Ukisaga nene kwa ajili ya birika la kubonyeza, upenyo unapanuka upande mmoja na kubana upande mwingine kila unapozungusha. Sisemi kwamba seramiki yenyewe ni mbaya. Haishiki kutu, na mashine za Wajapani wa Hario na Porlex zimetumiwa miaka mingi na watu wanaochuja kwa karatasi. Ila wewe unatumia birika, na unahitaji unga mnene.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mashine ya mkono iitwayo Timemore C2, ambayo ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Ina meno ya chuma cha pua yenye kipenyo cha milimita 38, mhimili wake umeshikwa kwa beringi, na nje ya nchi huuzwa kwa Dola 60 hadi 80 hivi. Binamu yangu aliniletea alipokuwa akirudi kutoka Dubai, na nadhani nawe ukimpata msafiri wa kuaminika laki mbili zako zitatosha. Kingrinder nao wana mashine za mkono za daraja hilo hilo, baadhi kwa bei ya chini zaidi. Ukikutana nayo kwanza, ichukue bila wasiwasi. Ukiikuta dukani yoyote usiyoijua, ondoa mpini, ushike mhimili na ujaribu kuutikisa huku na huku. Mhimili ukicheza, irudishe mashine mezani. Kisha zungusha kile kitufe cha chini cha kupangia: kiwe na hatua zinazolia tik, ili kesho uweze kurudi pale pale ulipokuwa leo.

Ukishaipata, kaza kitufe taratibu mpaka meno yagusane, hapo ndipo sifuri yako, halafu fungua ukihesabu. Kwenye yangu naanzia tik 24 kwa birika na kama 20 kwa karatasi, na unga wa birika unapaswa kufanana na chumvi ya mawe iliyopondwa. Pima gramu 30 za kahawa kwa nusu lita ya maji. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Chumba cha juu cha mashine hii hakibebi zaidi ya gramu 20 na kitu, hivyo utasaga kwa awamu mbili, na kila awamu ya gramu 15 haifiki dakika moja ukiwa umezoea. Kahawa ikiwa chungu na kavu ulimini, ongeza tik mbili. Ikiwa chachu na nyepesi, punguza mbili. Usibadilishe kitu kingine siku hiyo, wala kipimo wala muda, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Kabla ya kusaga, tia tone moja tu la maji kwenye punje na uzitikise, nawe utaona unga hauruki tena na kunata kwenye kuta za kikombe. Meno yasafishe kwa brashi kavu kila wiki, usiyaoshe kwa maji, na usisage mchele ndani yake kama wengine wanavyoshauri, maana mchele ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa.

Umegusia pia kutumia kile kikombe cha kusagia viungo cha brenda ya shemeji kwa wakati huu. Nakusihi usifanye hivyo. Hicho nacho ni kisu, na mafuta ya pilipili manga na bizari hayatoki kwenye plastiki hata ukiosha mara tatu.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo nisingependa ulielewe visivyo. Ikiwa siku ya wageni unataka kupika kahawa ya barazani, ile ya dele yenye tangawizi na iliki, usiihangaikie mashine hii. Kahawa ile hukaangwa ikawa nyeusi, hutwangwa kwa kinu na mchi, huchemshwa, na vumbi lake hutuama chini kabla ya kumiminwa kwenye vikombe vidogo. Kinu cha marehemu mama yako kinaiweza kazi hiyo kuliko chuma chochote cha dukani, na kashata ikiwepo pembeni sioni pungufu yake.

La mwisho ni kahawa yenyewe. Inunue ikiwa punje, uulize tarehe iliyokaangwa, na usage ile tu unayoipika wakati huo. Hapa mjini waonjaji wa kahawa husaga sampuli zao muda mfupi kabla ya kuonja, kikombe kwa kikombe, gramu 8.25 kwa mililita 150, kwa kuwa ile harufu tunayoifuata huanza kupotea mara tu punje inapovunjwa. Niandikie kabla hujalipa popote, unieleze maneno yaliyoandikwa kwenye boksi na jinsi mhimili ulivyokaa. Ukikuta umeshapata msafiri, nitakuwekea kilo nyingine nitakayoikaangisha wiki hiyo hiyo, ifike pamoja na mashine.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.