Mwende, wacha nikuambie mwenyewe

Mwende wangu,

Sasa? Najua utashangaa kupata barua ndefu hivi na tumezoea simu, lakini kwa simu ukiniuliza niko aje mdomo unakujibu "niko fiti" kabla hata sijafikiria, basi nimeona heri niandike. Na si siri, ukitaka kumsomea mama sawa tu.

Niko na depresheni. Daktari wa akili ameiandika kwa kadi yangu ya kliniki na kila usiku nameza dawa.

Ule wakati nilipotea, chama siji, simu sishiki, mkadhani naringa, nilikuwa naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, nalala tu hapo macho wazi mpaka nisikie matatu zikianza kupiga honi huko Thika Road. Kuoga kulikuwa kumenishinda. Nachemsha maji, naweka kwa beseni, nakaa kando na taulo mabegani mpaka maji yanapoa, halafu navaa nguo za jana naenda kazini nacheka na watu. Hiyo kucheka ndiyo ilikuwa inanimaliza kabisa, juu kila mtu ananiambia nimependeza, nimepunguza mwili, na chakula kimekataa kushuka.

Ningemwambia nani? Si unajua tulivyolelewa, mtoto akizidisha utundu anaambiwa atapelekwa Mathari, hospitali ya akili imetibu watu tangu 1910 na sisi tukaifanya tusi. Mtu wa presha anaombewa na bado anakumbushwa dawa zake, wa akili anaombewa halafu anaambiwa ajikaze. Mimi naomba Mwende, unanijua, lakini sitakubali tena dawa ya presha iwe baraka na yangu iwe aibu.

Na hii nayo wacha niiandike bila kuzunguka. Kuna usiku nilitaka kufa. Sikusema, na moja ya vitu vilivyonifunga mdomo ni uoga wa polisi, juu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinasema ukijaribu kujiua ukapona unaweza kufungwa hadi miaka 2. Hebu fikiria, mtu ameponea kifo na badala ya kaunsela analetewa pingu, sasa nani atafungua mdomo aombe msaada? Tume ya haki za binadamu, KNCHR, na chama cha madaktari wa akili ndio walienda kortini, na Januari 2025 Jaji Mugambi wa Mahakama Kuu akasema hicho kifungu kinapingana na katiba. Hiyo habari niliisoma nikiwa kwa matatu nikaanza kulia mbele ya watu, mama aliyekuwa kando yangu akafungua mkoba akanipa tishu, hakuniuliza kitu. Sijui jina lake mpaka leo na namwombea.

Kliniki ya kwanza nilitoka mbio, yule wa mapokezi aliniuliza shida yangu kwa sauti benchi yote ikageuka. Ya pili nikapata daktari anayesikiliza. Akanieleza mapema kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kushika, nisiziache ghafla hata nikianza kusikia nafuu, nashukuru alisema hivyo juu mwanzoni mdomo ulikuwa unakauka na nguvu sikuwa naziona, ningezitupa. Sasa hivi nalala. Si kila siku iko poa, kuna zingine nzito sana, lakini zikija siku hizi namwambia mtu.

Nakuomba kitu kimoja, nikinyamaza sana usingoje nipige simu, kuja ugonge. Hata tusipoongea, keti tu.

Halafu ile stori ya kaka yako ulianza kuniambia Krismasi ukaikatiza mama alipoingia, mimi nilisikia ya kutosha. Kama usiku umekuwa mrefu kwake mpe namba ya Red Cross, 1199, ni ya bure, na kama anaogopa kliniki niko tayari kumpeleka mimi mwenyewe. Mimi naenda Jumanne. Akikubali tukutane steji ya Roysambu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukichelewa tutapata laini imefika nje, na abebe kitambulisho.

Nakupenda sana,
Njeri