Mbona kadi ya GB 128 inasoma 119?

Malalamiko haya hayaishi dukani. Mteja kanunua memori kadi ya GB 128, kaichomeka kwenye kompyuta, ikasoma 119. Anarudi amekasirika: hizo tisa zimeliwa na nani?

Hazijaliwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1,024 (1,024 × 1,024 × 1,024), kwa hiyo gigabaiti yake ni baiti 1,073,741,824. Mchele ni ule ule, pishi ndiyo tofauti. Kwa hesabu hiyo kadi ya 64 husoma 59 na kitu, na ya 32 husoma 29 na kitu.

Wizi wenyewe uko kwingine, na kadi ya wizi haisomi pungufu hata kidogo. Ile iliyoandikwa TB 1 (yaani GB elfu moja), inayouzwa rahisi kuliko GB 64 yetu, huonyesha TB 1 bila kusita. Ndani mna chipu ya GB 8 au 16, na programu inayoiendesha imechezewa ili itaje namba ya uongo. Picha za kwanza huingia salama, ndipo mwenye kadi anaposema sisi ni walanguzi. Nafasi ya kweli ikijaa, simu huendelea kupokea: jina la picha lipo, ukubwa wake upo, ukiifungua ni kijivu kitupu. Orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, palipo na chipu ya kweli. Picha zenyewe zimeandikwa pasipo na kitu. Kadi nyingine hurudi mwanzo na kufuta za zamani. Wanaorekodi harusi na Maulidi pale msikiti wa Riyadha, hapa Lamu, ndio huumia zaidi, maana wanajaza kadi kwa usiku mmoja na bibi harusi hatolewi nje mara ya pili.

Kunakili nyimbo kumi na kuona zinapiga si kupima. Kadi hupimwa kwa kujazwa yote. Sisi tunatumia programu ya H2testw kwenye Windows (kwenye Linux kuna F3): inaandika mafaili ya GB 1 hadi kadi ijae, kisha inasoma yote na kulinganisha. Kadi ya 64 inayoandika MB 20 kwa sekunde huchukua kama dakika 53 kuandikwa tu, bado kusomwa. Kadi moja, zaidi ya saa moja ya kazi. Hiyo imo ndani ya bei yetu, na hatuombi radhi kwa hilo. Ukinunua kwingine, ipime hivyo kabla ya kuweka picha hata moja.

Kuhusu alama: MB 100 kwa sekunde inayoandikwa kwa herufi kubwa ni kasi ya kusoma. Ya kuandika itafute kwenye alama ndogo. C10, U1 na V10 zote zinaahidi MB 10 kwa sekunde bila kushuka. U3 na V30 ni MB 30. Video ya 1080p hula takriban MB 2.5 kwa sekunde, kama GB 9 kwa saa, kwa hiyo U1 ya kweli inatosha. Kwa 4K chukua V30. A1 ni ya anayetaka kuweka programu kwenye kadi. Wa picha tu asiilipie.

Tazama simu kwanza. Simu nyingi za zamani haziendi zaidi ya GB 32. Ukiweka ya 64, ambayo hutoka kiwandani na mpangilio wa exFAT, simu itasema kadi imeharibika na kukuomba uifomati. Kama ina picha, usikubali. Kadi ni nzima, simu ndiyo haijui kuisoma; ichomeke kwenye kompyuta. Na trei za simu nyingine huchukua laini ya pili au kadi, si vyote viwili.

Njia ya mkato inayotuletea machozi ni kufomati kadi iwe hifadhi ya ndani ya simu. Android huifunga kwa ufunguo uliomo kwenye simu ile tu. Simu ikitumbukia baharini kati ya Mokowe na Lamu, kadi inaweza kutoka nzima na picha zisisomeke popote. Chagua hifadhi ya kubebeka.

Hapa kwetu kuna chumvi pia. Geuza kadi uone vipande vinane vya rangi ya dhahabu. Vikianza kufanya ukijani, simu itaiona leo na kesho isiione. Usikwangue kwa kisu wala wembe, unaondoa dhahabu yenyewe. Futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na usiguse kwa kidole chenye jasho.

Picha zikipotea, usipige nyingine wala usifomati. Zima simu, toa kadi, ilete kama ilivyo. Iliyofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi tunairudisha kwa programu ya PhotoRec, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwenye ile ya TB 1 ya uongo, picha zilizozidi nafasi ya kweli hazirudi, kwa sababu hazikuwahi kuingia.