Kabla ya kununua programu ya intraneti, tukae kwanza na wafanyakazi wako

Wateja wengi hutupigia simu wakiwa wameshalipia leseni ya programu ya intraneti, yaani tovuti ya ndani ya kampuni. Nembo ya kampuni inang'aa juu ya ukurasa, lakini wafanyakazi bado wanaulizana kwenye WhatsApp nani ana fomu ya likizo. Tukiifungua intraneti yenyewe tunaikuta fomu hiyo mara tatu: Rasilimali Watu wana yao, Fedha wana yao, na ya tatu imeitwa "mpya ya mwisho 2". Ipi ndiyo halali, hakuna wa kukujibu.

Programu haina kosa hapo. Menyu ilichorwa kwa kufuata chati ya idara, na anayejiandaa kwa safari ya kikazi hawazi kiidara. Anataka kibali, tiketi na masurufu, basi, na vitu hivyo vitatu vimetawanywa sehemu tatu.

Kazi yetu ya ushauri huanzia kwenye orodha ya kila waraka uliopo: nani aliuandika, lini ulibadilishwa mara ya mwisho, nani anauhitaji. Ni kazi ya kuchosha, nasi hatukubali kuiruka, kwa sababu kuhamisha takataka kwenda kwenye mfumo mpya ni kulipia takataka mara ya pili.

Halafu huja kadi, sehemu tunayoipenda kuliko zote. Kila ukurasa unapewa kadi yake. Wafanyakazi wanazipanga mafungu wanavyoona wao na kuyapa majina. Mhasibu ataiweka kadi ya "masurufu" chini ya Fedha, wenzake wote waiweke chini ya Safari. Mabishano ya hapo mezani ndiyo yanayotuchorea menyu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alipendekeza mwaka 2004 watu 15 kwa zoezi hili. Mchoro wa kurasa ukishakuwa tayari, watu 5 wa kuujaribu hutosha kufichua kasoro nyingi, kama alivyoandika mwaka 2000.

Rangi na picha hazituchukui muda mrefu. Tunachong'ang'ania ni kila ukurasa uwe na mwenyewe, mtu mwenye jina na tarehe ya kuupitia upya, maana ukurasa ulioachiwa "idara" huzeeka bila mtu kushtuka.

Ukija kwa kikao cha kwanza, usihangaike na orodha ya programu. Tuletee maswali kumi ambayo wafanyakazi wako huulizana kila wiki, kwa maneno yao wenyewe.