Wito wa harambee: magitaa 12 kwa darasa la muziki la usharika wetu, Moshi

Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya muziki inawaalika washarika, wazazi, majirani na wana wa Kilimanjaro walioko mbali kushiriki harambee ya kununua magitaa 12 ya darasa la watoto na vijana. Itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, katika ukumbi wa chuo kikuu hapa mjini Moshi. Atakayetuimbia ni binti wa usharika huu huu, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za asili na za kantri (muziki wa gitaa uliozaliwa mashambani Marekani), ambaye amekataa ujira wowote na kuomba nauli ya basi peke yake.

Wapo waliouliza, na si vibaya kuuliza, kantri inahusiana vipi na usharika wa Kilutheri wenye kwaya na tarumbeta zake. Wazee wetu waliokuwa wakimsikiliza redioni Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki kwa ajali ya ndege karibu na Nashville mwaka 1964, wangelijibu swali hilo upesi kuliko kamati. Kabla yake, santuri za Jimmie Rodgers, naye mwimbaji wa kantri wa Marekani, zilikuwa zimewafikia Wakipsigis wa Kenya, nao wakamwimba kwa lugha yao, wimbo ambao mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, aliurekodi mwaka 1950. Hata banjo, chombo cha nyuzi kinachosikika sana katika kantri, inayodhaniwa na wengi kuwa ya Wamarekani weupe, ilianzia mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani, waliokumbuka vyombo vya kwao Afrika Magharibi.

Darasa letu lina watoto 26 na magitaa mawili. Moja limepasuka shingo, nasi tumelifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. La pili halina uzi wa kwanza, na mahali pake pamewekwa mshipi wa kuvulia samaki. Wanaosubiri zamu hupewa vipande vya mbao vilivyochorwa mistari sita, wakajifunza kubonyeza vidole juu ya mistari isiyotoa sauti, huku mwalimu akipita nyuma yao kuwarekebisha. Kijana mmoja alikuja na gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta ya kula na nyuzi tatu za waya wa breki, na mpaka leo hakuna anayemshinda kwa sikio la kupatanisha nyuzi.

Ni haki pia tuseme kwamba mwaka juzi tulinunua magitaa manne ya bei rahisi, ambayo gundi yake iliachia kabla masika hayajaisha. Tulitazama bei, hatukutazama mbao. Safari hii gitaa moja limekadiriwa kuwa shilingi 250,000, sawa na shilingi 3,000,000 kwa yote 12. Nyuzi za akiba na mifuko ni shilingi 600,000, na kabati la kuyahifadhi mbali na unyevu ni shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 4,000,000, na mkononi tunazo 1,150,000, kwa hiyo zinazotafutwa ni shilingi 2,850,000.

Ukumbi wa chuo tumeuchagua kwa sababu ya utulivu wake. Mwimbaji huyu husimama peke yake na gitaa, akasimulia kwanza kisa cha kila wimbo, na maneno yake hayafai kushindana na kelele za spika wala za bodaboda. Ameomba pia watoto wawili wa darasa wapande jukwaani pamoja naye katika wimbo wa mwisho.

Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mwanafunzi. Kadi za mchango ziko kwa wazee wa kanisa wa kila mtaa. Walioko mbali wawasiliane na mhazini kupitia ofisi ya usharika, na kila atoaye atapewa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa ibadani Jumapili ya pili baada ya harambee.

Baada ya onyesho kutakuwa na mnada nje ya ukumbi, chini ya miti, na kama ilivyo desturi yetu, anayenunua mkungu wa ndizi ana ruhusa ya kuurudisha ukanadiwe tena. Wanaoleta ndizi, mayai au kuku wavifikishe kabla ya saa tisa alasiri. Kuku wafungwe miguu, kwa maana mwaka jana jogoo mmoja aliingia kanisani katikati ya sala.