Rembo amepona

Kisumu, Jumapili jioni

Kwa ndugu yangu Barasa,

Habari za Nakuru? Sisi huku wazima, mama anakusalimu. Usinilaumu kwa kukaa kimya. Wiki sita hizi nimekuwa nikimuuguza Rembo, yule nyoka wangu wa nyumba, wa kahawia.

Aliumwa na panya, tena kwa kosa langu. Nilimtilia panya hai usiku, nikaenda kulala. Macho ya Rembo yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa karibu kujivua gamba. Wakati huo nyoka haoni vizuri wala hana hamu ya kula. Nilijua hayo, ila nilikuwa nimechoka. Panya naye akifungiwa usiku kucha bila chakula hutafuna kilicho karibu. Alfajiri nilimkuta Rembo amejikunja pembeni, mgongoni ana kidonda cha upana wa ukucha wa kidole gumba, nyama iko wazi. Hakuwa amejitetea hata kidogo. Nililia, Barasa.

Daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia simu aliniambia nimponde kichwa, yaishe. Wa pili alikuja siku hiyo hiyo, Mungu ambariki. Alimdunga dawa sehemu ya mbele ya mwili, akanieleza kwamba damu ya upande wa mkia hupitia kwenye figo kwanza. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kukiosha kidonda kila siku kwa maji yaliyochemshwa, lita moja kwa kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kisha kupaka ayodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Spiriti alinikataza kabisa. Ule udongo wa ndani ya sanduku niliutoa wote, nikatandika karatasi safi na kuzibadilisha kila zinapochafuka.

Kilichonisumbua zaidi ni joto. Nyoka hategemei moto wa mwili wake mwenyewe, na akipoa hata kidonda hakifungi. Kona moja ilibidi ikae kwenye nyuzi 30 hivi. Stima ikipotea usiku, naamka kuchemsha maji, natia kwenye chupa, naizungushia taulo na kumwekea karibu.

Majirani waliona nimerukwa na akili, isipokuwa mzee mmoja wa Nyakach aliyekuja kumjulia hali. Alikaa muda mrefu akinisimulia habari za Omieri, chatu wa kwao aliyeungua kwa moto mwaka 1987 akapelekwa Nairobi kutibiwa. Nilifarijika sana.

Sasa Rembo anakula panya aliyekwisha kufa. Namtoa kwenye friza, namyeyusha, nampasha kwa maji ya moto kiasi, kisha namshika kwa koleo na kumtikisa kidogo. Mara ya kwanza alimkataa. Mara ya pili alimrukia kama zamani.

Uliniambia huyo chatu wako mchanga unamwachia panya hadi asubuhi. Tafadhali, ukiisoma barua hii, nenda ukaangalie, na kama panya bado yumo, mtoe leo leo.

Juzi Rembo amejivua tena. Gamba limetoka zima, ila pale penye kovu limekunjamana. Nimelihifadhi ndani ya bahasha, nitakuonyesha ukija Desemba.

Wako,
Akinyi