Shemeji ameniletea kombora ndani ya skrapu. Nitaripoti, lakini niseme nini?

Kwa Mhariri,

Nina yadi ya vyuma kuukuu hapa Kariobangi, upande wa Light Industries. Naletewa mabati, rejeta, mabomba na injini zilizokufa. Napima, nalipa, natenganisha, nauzia viwanda vya kuyeyusha. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua chuma kwa mlio wake. Kinachonifanya niandike ni kitu kilichoteremshwa pamoja na mzigo wa shemeji yangu kutoka Taveta. Sasa kimelala nyuma ya rundo la mabati na nimekataza mtu yeyote asikikaribie. Wanaotaka kukikaribia wapo, na hiyo ndiyo shida ya kwanza.

Ni kombora la mzinga. Sisemi ganda. Maganda yamepita sana mikononi mwangu: ni ya shaba ya manjano, membamba, mdomo wazi, ukichungulia unaona hadi chini. Watu huyang'arisha wakaweka maua sebuleni. Hiki ni chuma kizito kilichoziba pande zote, kimeliwa na kutu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Kichwani kina kofia ya shaba ya manjano yenye pete iliyochongwa vijistari na tarakimu, nyingine zimefutika. Karibu na kitako kimezungushiwa mkanda wa shaba nyekundu. Msimamizi wangu alikuwa ameshakipima kwa tepu kabla sijafika: upana sentimita 8 na nusu hivi.

Vijana waliona mkanda tu. Shaba nyekundu ina bei, na kwa grainda mkanda kama ule ni kazi ya dakika chache. Mmoja aliyesomasoma mambo ya vita akaongeza kwamba ndani huenda kuna risasi, yaani ile madini, na hapo hakukosea sana: makombora ya mizinga ya Waingereza iitwayo ya ratili 18 (ndio uzito wa kombora), yenye kipenyo cha milimita 84, yalikuwa na aina iliyojazwa gololi za risasi zaidi ya 370. Baada ya kusikia hivyo walianza kupiga hesabu ya kilo. Nikachukua grainda zote nikazifungia ofisini.

Nilimtumia picha mzee mmoja ninayemheshimu, mwanajeshi mstaafu. Akanipigia papo hapo. Hakuuliza uzito wala kutu. Aliuliza kama ule mkanda wa shaba una mikwaruzo ya mshazari iliyopangana sawasawa. Nikakuza picha kwenye simu, nikaiona. Akasema, "Basi mwanangu, toka hapo." Alinieleza kwamba mikwaruzo hiyo hutokana na mifuo iliyo ndani ya mtutu. Kwa hiyo kombora hilo lilifyatuliwa kweli, likaruka, likaanguka, likakataa kulipuka. Lililo bado kwenye sanduku lake, kifyatuzi chake, yaani ile kofia ya kichwani, kimefungwa ili lisilipuke mikononi mwa askari. Lililokwisha kurushwa limefunguliwa kufuli hiyo, na hakuna ajuaye ni nini kilichokwama humo wala kitakwamuka lini.

Msimamizi hakukubali. Kwake yeye kitu cha tangu vita vya Mjerumani kimeshakufa, baruti imeoza. Mzee alicheka kwenye spika. Baruti ya TNT haiozi, alisema, chuma ndicho kinachooza. Na makombora mengine ya zamani yalijazwa asidi ya pikriki, kilipuzi cha zamani, ambacho ikigusana na metali kwa miaka mingi hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa kusuguliwa tu. Kuzeeka hakulipoozi kombora, pengine hulifanya liwe jeuri zaidi.

Kwamba limetoka Taveta hakunishangazi. Waingereza walipigana na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, katika kilima cha Salaita Februari 1916, na mwezi uliofuata kwenye vilima vya Latema na Reata. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu 1914. Hata mizinga ya manowari yao ya Königsberg, iliyozama Rufiji 1915, iliopolewa ikatumika nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Anayelima kule akagonga chuma, hajagonga jambo geni. Na si historia tu. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu fidia ya pauni milioni 4.5 kwa sababu ya watu waliouawa na kulemazwa na mabaki ya mazoezi ya kijeshi kwenye malisho yao.

Kwa hiyo kuhusu usalama nimeshaamua, na nawaomba wasomaji wasinitumie mbinu za kulijaribu kwa maji, kwa moto au kwa sumaku. Halisogezwi. Yadi nimeifunga, lori la kiwanda nimeliambia lisije, na mama wa chapati aliyeegemeza kibanda ukutani kwangu nimemsihi ahamie ng'ambo ya barabara. Alitaka kujua sababu. Nilimwambia kuna ukuta mbovu, maana ningesema bomu, watu wangejaa kupiga picha.

Ninapokwama ni kwa shemeji. Ni kaka wa mke wangu. Nambari za 999 na 112 ninazo, lakini sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inatutaka tuandike kila tunachonunua na aliyetuuzia, na daftari langu lina jina lake, tarehe na uzito wa mzigo. Anasema hakujua lilivyoingia, alikusanya kwa watu vijijini. Namwamini. Lakini hana leseni ya kununua vyuma, na tangu biashara yetu ilipopigwa marufuku kwa muda mapema 2022, askari akiingia yadini anaanza na swali la wizi. Sasa shemeji ananiomba ukurasa ule upotee, niseme nimelikuta jalalani. Mama watoto hasemi kitu, ila naona anachosubiri.

Mimi siupendi huo uongo, na si kwa uchamungu. Wataalamu wa mabomu watataka kujua lilikotoka. Kama liliokotwa shambani Taveta, huenda mengine yako shamba hilohilo, na nikisema jalalani watachimba jalala la Nairobi wakati mtoto wa watu anachunga mbuzi juu ya lile jingine.

Naomba ushauri wa anayejua sheria, au aliyewahi kupitia haya. Mtu anayeripoti kombora mwenyewe, kwa hiari, je, hushtakiwa kwa kupatikana nalo? Nikienda na wakili tangu mwanzo nitaonekana nina la kuficha? Na shemeji, ni heri twende naye kituoni pamoja aandikishe maelezo yake, au nitangulie peke yangu na daftari?

Kesho asubuhi naenda, jibu liwe limefika au halijafika. Nitakaa macho na simu usiku huu.

Mwenye yadi,
Kariobangi, Nairobi