Shoga, huku makaburi yanasema

Shoga yangu Maua,

Hujambo na wanao? Mie mzima, baridi tu ndo inanimaliza. Wikiendi nimetoka Hamburg nikaenda Amrum, kisiwa kidogo cha Ujerumani hukoo Bahari ya Kaskazini, boti unapandia Dagebüll. Maji yakipwa, tope tupu mpaka macho yanachoka, watu wanavua viatu wanavuka kwa miguu kutoka kisiwa cha jirani, Föhr, ila lazima uwe na mtu anayeijua njia maana maji yakianza kujaa hayakuulizi.

Kuna mnara wa taa wa 1875, mwekundu na mweupe, na mchanga mpana hujapata kuona. Ila mie kilichonikamata ni makaburi ya kanisa la St. Clemens pale kijiji cha Nebel. Wanaume wa huku zamani walikuwa mabaharia na wavuvi wa nyangumi, basi kwenye mawe wamechonga majahazi na maisha ya mtu mzima mzima, alizaliwa lini, kaoa nani, watoto wangapi. Watoto wanachongwa maua, na ua lililovunjika ndo yule aliyetangulia kufa. Nilisimama mbele ya moja nahesabu yaliyovunjika, nikaacha.

Sasa sikia ya Hark Olufs. Kazaliwa hapo 1708, 1724 kashikwa na maharamia, akauzwa Algiers. Kisiwa kilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, kule kulikuwa na mfuko kabisa wa kukomboa mateka, ukagoma kutoa hela kisa meli ilikuwa na bendera ya Hamburg! Yaani mtoto wa miaka kumi na sita hivi anaachwa kwa ajili ya bendera. Basi akaishia kwa Bey, yaani mtawala, wa Constantine, mji wa huko huko Algeria, akapanda mpaka mtunza hazina, halafu kamanda wa wapanda farasi, na mwenyewe kasimulia kuwa alifika mpaka Makka. 1736 akarudi kwao huru, akaoa, 1754 akafa, na jiwe lake limeeleza maisha yake.

Mie nikajiuliza huyo usiku akiota alikuwa anaota kwa lugha gani, maana pale nyumbani wanasema Öömrang, lugha ya kisiwa chao, na yeye miaka kumi na mbili kasikia Kiarabu na Kituruki. Mama yangu angesema kichwa chake kimechanganya vyombo.

Picha ntakutumia nikipata bando. Nisalimie bibi, mwambie nakula vizuri, asije akaniletea mchele tena.

Wako Zuhura